Muhogo Huu Unaiva? Swali la Mkulima Mbele ya Mbegu Mpya

Katika viwanja vya Nanenane vya Morogoro, kwenye mabanda ya watafiti wa kilimo, mihogo ya mbegu mpya hupangwa mezani kwa namna inayomfanya kila apitaye asimame kuitazama. Mtaalamu kijana aliyesimama nyuma ya meza hueleza kwa ufasaha kwamba aina hii inavumilia ugonjwa wa batobato, ile inavumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia, yote miwili ikiletwa na virusi, na kwamba mavuno yake kwa hekta yanazidi mara kadhaa yale ambayo mkulima ameyazoea. Nimesimama kwenye mabanda hayo zaidi ya mara moja, na karibu kila mara nimemsikia mama mmoja miongoni mwa wageni akiuliza jambo ambalo halimo kwenye bango: "Mwanangu, muhogo huu unaiva?" Anachotaka kujua ni kama muhogo huo ukichemshwa unalainika na kuwa wa unga, au unabaki mgumu wenye kambakamba hadi kuni zinakwisha. Mwingine hufuatia na swali la kisamvu: je, majani yake ni mazuri kwa mboga? Kijana, ambaye hakufundishwa kujibu maswali hayo, hurudi kwenye tani kwa hekta, na wale akina mama husogea banda la pili.

Nakumbuka maswali hayo kila ninapokutana na taarifa au hotuba inayoeleza kwa nini wakulima wadogo hawapandi mbegu bora kwa kasi inayotarajiwa. Sababu zinazotajwa hufanana: elimu ndogo, mazoea, ugumu wa kubadilika, kung'ang'ania mbegu za babu. Nimekulia Mkuranga, mkoa wa Pwani, katika ukoo unaokula na kuuza muhogo, na maelezo hayo sijawahi kuyakubali. Mkulima anayekawia kuipokea mbegu mpya kwa kawaida anaifanyia majaribio yake mwenyewe, kwa vigezo vyake mwenyewe, na vingi kati ya vigezo hivyo ni vya haki kabisa ingawa havionekani kwenye fomu ya mtafiti. Tatizo letu kubwa ni kwamba majaribio hayo hayasomwi na mtu yeyote.

Nitaeleza jinsi shangazi yangu anavyofanya, kwa sababu ndiye mkulima ninayemfahamu vizuri kuliko wote. Shamba lake halina aina moja ya muhogo. Upande mmoja iko mihogo mitamu inayowahi, ambayo huuzwa kwa wachuuzi wa Dar es Salaam na kutafunwa hata mbichi. Upande wa pili, karibu na pori, iko mihogo michungu inayokawia, kwa sababu nguruwe pori hawaipendi na kwa sababu inaweza kukaa ardhini muda mrefu bila kuharibika, ikisubiri siku ambayo nyumba haina kitu kingine. Mbegu mpya ikiletwa, iwe na bwana shamba au na jirani, haendi kung'oa alichonacho. Anapanda pingili chache pembeni, mahali anapopita kila siku. Anaangalia kwanza kama zinachipua zote. Mvua zikikatika anaangalia kama majani yanabaki. Baada ya miezi sita au saba anang'oa shina moja, anapika, anaonja, anampelekea jirani naye aonje. Anaacha mashina mengine hadi mwaka utimie, kisha hata baada ya hapo, ili ajue kama muhogo ukikaa ardhini unakuwa mti. Anakata shina anatazama pingili: ni nene, zina macho ya kutosha, zitabaki hai kivulini hadi mvua zijazo? Jaribio zima linaweza kuchukua misimu miwili na zaidi. Mtu anayekuja kuhesabu wakulima waliopokea mbegu mpya mwaka mmoja baada ya kuigawa atamwandika shangazi kwamba hajapokea, na hapo atakuwa amekosea.

Kukawia huko kunapata uzito zaidi tukiukumbuka ugonjwa wenyewe ambao mbegu hizi zimetengenezwa kuukabili. Batobato huonekana kwa macho, kwa maana majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano, na mkulima anajua mapema kwamba shamba lina hali mbaya. Michirizi ya kahawia ni adui wa aina nyingine. Majani yanaweza kuonyesha umanjano kidogo tu ambao mtu huudhania ni wa uzee, shina linasimama vizuri, na mzizi wenyewe ukiutazama kwa nje huoni kasoro, hadi unapoukata ukakuta madoa makavu ya kahawia yaliyokakamaa ndani ya nyama yake. Nimewahi kumwona mchuuzi akija kununua shamba zima likiwa bado halijang'olewa, kama ilivyo desturi. Aling'oa shina hapa na pale, akaukata kila mzizi kwa panga katikati, akatazama, akautupa, akang'oa jingine. Baada ya mashina machache aliifuta panga yake kwenye majani, akasema, "Hapana, mama, hili shamba siliwezi," akaondoka na gari lake tupu. Mwenye shamba alikuwa amepalilia mwaka mzima, na hata nguruwe wa kuwalisha mihogo ile hakuwa nao.

Mtu aliyepatwa na hilo hahitaji kuelimishwa juu ya faida ya mbegu inayovumilia ugonjwa. Anaihitaji mno, na ndiyo maana atakayempelekea mbegu hiyo lazima awe mkweli kwake, kwa kuwa kuvumilia ugonjwa ni kigezo kimoja tu kati ya vingi vinavyoamua kama muhogo utaingia sokoni na jikoni. Muhogo wenye afya usioiva vizuri haununuliwi mwezi wa Ramadhani, wakati ambapo muhogo wa nazi ni futari ya nyumba nyingi za Pwani na bei yake hupanda kupita miezi yote.

Kuna kisa kimoja cha kweli ambacho ningependa kila afisa ugani akijue. Kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Waingereza, watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza pale kazi ya kutafuta muhogo utakaostahimili virusi, na Storey ndiye aliyeandika kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, kuhusu ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kinga waliyoikuta katika mihogo ya kawaida haikuwatosheleza. Wakauchanganya muhogo na jamaa zake wa mwituni, mmojawapo ukiwa mti wa mpira wa Ceará, ule ambao Watanzania wengi wanaujua kwa majani yake, yaani kisamvu cha mpira. Kizazi cha kwanza hakikuwa na mizizi ya kufaa kuliwa, hivyo wakakirudisha kwa muhogo, wakarudia, wakarudia tena, hadi wakapata mimea yenye mizizi mizuri iliyobaki na kinga ya yule mzazi wa mwituni. Mmoja wa mimea hiyo ulipewa namba 46106/27. Nichols alipofariki, D. L. Jennings aliiendeleza kazi hiyo, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mradi ulikuwa umefungwa.

Namba ile ilibaki kwenye madaftari, lakini mmea wenyewe uliendelea kuishi. Pwani ya Kenya wakulima waliupanda wakauita Kaleso. Kusini mwa Tanzania kulikuwa na muhogo uliojulikana kwa jina la Namikonga, ambao watafiti wa nyakati zetu waliuona unavumilia michirizi ya kahawia kuliko mihogo mingi, wakaanza kuutumia kama mzazi wa aina mpya. Vinasaba vilipolinganishwa, ikaonekana kwamba Kaleso na Namikonga ni muhogo mmoja. Kwa miongo kadhaa baada ya kazi ya Amani kusimama, wakulima wa nchi mbili waliutunza muhogo wa maabara kama wa kwao, wakaupa majina yao, wakapeana pingili zake, na watafiti walipouhitaji tena waliupata kwao. Nikimsikia mtu anasema mkulima wa Pwani hapokei mbegu za kitaalamu, mimi humtajia Namikonga.

Kisa hicho kina upande wa pili. Mbegu kutoka Amani zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na kutokana nazo ulipatikana mmea 58308, ambao IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan, iliutumia kuanzia miaka ya 1970 kuzalisha mihogo inayostahimili batobato. Mmoja wa mihogo hiyo, TMS 30572, ulifika Uganda ukaitwa Migyera, wakati ambapo batobato kali lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limewafanya wakulima katika wilaya nyingi waache kabisa kulima muhogo. Huko hapakuwa na ubishi mkubwa kuhusu kupokea, kwa kuwa aliyepoteza kila kitu hana cha kulinganisha. Kisha, kuanzia mwaka 2004, michirizi ya kahawia ikajitokeza Uganda, na baadhi ya mihogo iliyosifiwa kwa kuvumilia batobato ikakutwa haina nguvu mbele ya ugonjwa huu wa pili. Mkulima ambaye alikuwa amebakiza aina tatu au nne shambani mwake, hata kama afisa alimwambia abaki na moja iliyo bora, alikuwa na pa kushika. Ndiyo maana siwezi kuulaumu mchanganyiko ninaouona katika shamba la shangazi. Mchanganyiko huo ndio bima pekee aliyonayo.

Hapo ndipo penye suala ambalo naliona zito kuliko yote, yaani nani anayebeba hasara. Mbegu ikishindwa katika kituo cha utafiti, inaandikwa kwenye ripoti na kazi inaendelea. Ikishindwa katika shamba darasa, wanakikundi wamepoteza kipande cha ardhi na nguvu zao, lakini kila mmoja ana shamba lake nyumbani. Ikishindwa katika ekari moja ambayo ndiyo yote aliyonayo mjane mwenye wajukuu, hakuna mtu wa kumfidia, na aliyemletea mbegu huenda amekwisha kuhamishiwa wilaya nyingine. Wazee wetu wanalikumbuka hili kwa uchungu zaidi, kwa sababu wamezoea kulimishwa kwa amri. Enzi za ukoloni kaya zililazimishwa kupanda muhogo kama kinga ya njaa, na asiyepanda aliadhibiwa. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ilikuja na viwango vyake vya ekari. Nia inaweza kuwa ilikuwa njema, na muhogo kweli umeokoa watu, lakini ushauri uliowahi kuja pamoja na faini hausikilizwi kwa moyo mweupe, hata unapotolewa na kijana mpole aliyeshuka kwenye pikipiki.

Mazao mengine yanaonyesha jambo hilo hilo. Mahindi chotara ya kwanza ya Kitale, H611, yalitolewa mwaka 1964, na katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya zenye mvua nyingi wakulima wadogo waliyapokea kwa kasi iliyowashangaza wataalamu wenyewe. Katika maeneo makavu ya Ukambani chotara zile hazikufaa, kwa kuwa zilikawia kukomaa na mvua ya huko haisubiri. Ilibidi yapatikane mahindi ya Katumani yanayowahi ndipo wakulima wa huko nao wapate chao. Asingetokea mtu mwenye akili timamu kusema kwamba watu wa Trans Nzoia, kule kwenye mvua, ni wepesi wa kubadilika na wa Machakos, huko Ukambani, ni wagumu. Walitofautiana mvua tu.

Huku Tanzania mahindi yalikuwa na mtihani mwingine, nao ulikuwa ghalani. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kugunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wakulima wengi walimwita Skania, aligeuza gunia la mahindi kuwa unga kabla mwenyewe hajalisaga. Tangu hapo mkulima anayeonyeshwa gunzi kubwa la chotara hulitazama kwanza ganda lake kama linafunika hadi ncha, kisha huiminya punje kwa kucha. Punje laini zinajaa gunia haraka, lakini hubunguliwa haraka vilevile, na anayeweka chakula cha miezi minane atachagua punje ngumu hata kama mavuno yake ni kidogo. Katika hesabu ya mtafiti wa mavuno hilo ni kosa. Katika hesabu ya mtu anayekula hadi mwezi wa tatu, ni sahihi kabisa.

Mpunga nao una somo lake, ambalo nitaligusa kwa ufupi. SARO 5, iliyotolewa mwaka 2002 kwa jina la kitaalamu la TXD 306, ni fupi, haianguki kwa upepo na inazaa kuliko Supa, mpunga wa asili unaonukia, na ilikubalika katika skimu za umwagiliaji kwa sababu walioizalisha walijali kwamba mchele wake unukie kiasi. Aina nyingi zilizotangulia, zenye mavuno makubwa lakini mchele usiokuwa na harufu wala ladha, hazikufika mbali. Hata hivyo wako wakulima wa Kilombero wanaopanda SARO kwa ajili ya soko na kubakiza jaruba la Supa kwa ajili ya nyumbani na wageni, ingawa Supa inashambuliwa sana na ugonjwa wa kimyanga. Sioni sababu ya kuwaita nusu-wapokeaji.

Baada ya kusema yote hayo, haki inanidai niseme pia mahali ambapo wakulima wetu, nao, wanajidhuru. Wengi wa niliokua nao bado wanaamini kwamba muhogo ukioza ardhini ni udongo umechoka au mvua zimezidi, na kwa imani hiyo wanakata pingili kutoka katika shamba lile lile lenye ugonjwa na kuzipanda tena. Virusi havina haja ya kumsubiri nzi mweupe avilete, kwa sababu vimekwisha kupandwa pamoja na pingili. Ukarimu wetu wa kugawiana pingili bila malipo, ambao ndio ulioibeba Namikonga, unabeba pia ugonjwa kutoka kijiji hadi kijiji. Jambo hili halihitaji kubembelezwa. Bwana shamba akikata mzizi mbele ya wanakijiji, akawaonyesha madoa, kisha akapanda mistari miwili, mmoja wa pingili kutoka shina lile lile na wa pili wa pingili safi, na akarudi nao baada ya mwaka kuing'oa, watu wataamini macho yao. Nimeona watu wakiacha imani ya udongo uliochoka siku hiyo hiyo ya kung'oa.

Ushirikishaji wa wakulima katika kuchagua mbegu umeanza kufanyika, nami naushangilia. Muhogo wa Kiroba ulikuwa mikononi mwa wakulima wa Pwani kabla ya kuidhinishwa kama mbegu rasmi, na Zanzibar mwaka 2007 zilitolewa aina zilizopewa majina ya mahali panapojulikana na kila mtu, kama vile Kizimbani na Machui. Siku hizi katika baadhi ya majaribio wakulima huitwa kuonja muhogo uliochemshwa na kupiga kura, wanawake na wanaume kila kundi peke yake. Utengano huo una maana kubwa. Wanaume kwa kawaida hutazama ukubwa wa mzizi na bei ya mchuuzi. Wanawake hutazama wepesi wa kumenya, muda wa kuiva, makopa yanavyokauka na kisamvu. Kura zikichanganywa, na mwanamume ndiye mwenye sauti mkutanoni, mbegu itakayoshinda ni ile ambayo mke atakataa kuipika. Ningependa kuona kigezo cha kuiva na cha majani vikiingia katika masharti ya kuidhinisha aina mpya ya muhogo kwa uzito ule ule wa tani kwa hekta, na wapishi wa majaribio hayo watoke vijijini.

Linabaki suala la pingili zenyewe, ambalo kwa muhogo ni gumu kuliko kwa nafaka. Gunzi moja la mahindi lina mamia ya punje, na mfuko wake wa kilo mbili unaingia kwenye kikapu. Shina moja la muhogo kwa mwaka hutoa pingili takriban kumi, ekari moja inahitaji pingili 4,000 zikipandwa kwa nafasi ya mita moja, mzigo wake ni mzito, na baada ya wiki chache juani hauna maana tena. Mkulima aliyekubali mbegu kwa moyo wote anaweza kuikosa kwa sababu tu shamba la kuzalishia liko wilaya nyingine na nauli ya kubeba mizigo ya pingili inazidi thamani yake. Tena, hata aina inayovumilia ugonjwa huchoka kadiri virusi vinavyojikusanya ndani yake, kwa hiyo mkulima atahitaji pingili safi tena baada ya misimu kadhaa.

Shangazi aliliuliza hilo kwenye mkutano wa kijiji, wakati wa ugawaji wa pingili za mradi fulani: "Mwanangu, nyinyi mkishaondoka, safi nyingine nitaipata kwa nani?" Jibu lenye maana kwake ni mzalishaji aliye katika kata yake, aliyekaguliwa shambani na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, anayemfahamu kwa jina, na ambaye akimuuzia pingili mbaya atamkuta nyumbani kwake. Wazalishaji wa namna hiyo wameanza kuandaliwa katika baadhi ya wilaya, wakipewa mbegu mama na vituo vya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, na mimi nawasihi wanaopanga bajeti za mbegu waliweke shamba la uzalishaji katika kila kata inayolima muhogo kabla ya kuchapisha bango jingine la maonesho. Shangazi kwa sasa amepata mzalishaji wa kata ya jirani. Amenunua kwake mafungu mawili ya pingili, amezipanda pembeni, mahali anapopita kila siku, na kuhusu kama muhogo huo unaiva ameniambia nimuulize baada ya vuli ijayo.